Spana za Fundi, Vipimo vya Mwenye Gari

Namba 10, 12, 14 na 17. Mwenye boksi hizo nne na mpini wake, bisibisi mbili na plaizi anaweza kufungua sehemu kubwa ya injini ya Toyota Probox. Wajapani walitufanyia hisani walipoamua kutumia saizi chache za bolti, na kwa kuwa sehemu kubwa ya magari madogo ya Mtwara ni Toyota zilizokwisha kutumika kwao, kuanzia IST za Shangani hadi Probox zinazokwenda vijijini zimejaa abiria na mizigo, fundi anaweza kufanya kazi miaka kumi na begi lilelile moja la spana.

Gereji yenye paa na shimo la kusimama chini ya gari wengi wetu hatuifiki isipokuwa mambo yameharibika kabisa. Fundi anapigiwa simu, anafika na bodaboda, begi mgongoni. Gari liko uani chini ya mwembe. Kinatandikwa kipande cha katoni, linaletwa beseni la kukingia oili, watoto wanafukuzwa, na kazi inaanza. Hayo ndiyo matengenezo ya nyumbani tunayoyajua sisi: nyumba ni ya mwenye gari, mikono ni ya fundi. Kwa hiyo mtu akiuliza kama matengenezo ya injini nyumbani yanahitaji vifaa maalumu, kwetu swali linakuwa na sehemu ya pili ambayo wenzetu wa nchi nyingine hawana: vifaa hivyo viwe vya nani?

Nianze na sifa, maana wanastahili. Mtwara iko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kusini mwa Dar es Salaam, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na msimu wa mvua njia ya kusini ilikuwa ya kubahatisha. Spea ilisubiriwa. Kifaa maalumu hakikusubiriwa, kwa sababu hakuna aliyekiagiza. Ukikulia katika kazi ya namna hiyo unajifunza kuona kila kilicho karibu nawe kama chombo. Ringi za pistoni zinabanwa kwa bati la kopo lililokatwa na kuzungushiwa klampu ya mpira wa rejeta, pistoni inateremka ndani ya silinda bila kuvunja ringi hata moja. Valvu zinasagwa kwa unga wake na kipande cha mpira kilichochomekwa kwenye mguu wa valvu, fundi anakizungusha kati ya viganja. Bolti za hedi zinachomekwa kwenye katoni kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, ili kila moja irudi shimoni mwake. Hilo la katoni sina hakika kama kuna kifaa cha kununuliwa kinacholishinda.

Pwani ina adui wake, chumvi. Gari linaloshinda Mikindani au linalokwenda Msimbati mara kwa mara na kukanyaga mchanga wa ufukweni hufungwa na kutu mahali ambapo gari la Songea halina hata doa. Bolti za ekzosi ndizo mbaya zaidi. Hapa fundi wa pwani ana subira ambayo fundi wa bara hana haja nayo: anamwagia mafuta ya taa jioni, anagongagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, anaondoka, anarudi asubuhi. Anayelazimisha kwa kuvika bomba la chuma kwenye mpini wa spana hukata bolti ikabaki shina ndani, na kazi ya saa moja inageuka ya siku mbili. Wavuvi wenye mashine za boti wanalijua hilo kuliko wenye magari. Mashine isiyosuuzwa kwa maji baridi baada ya kutoka baharini haisubiri mwaka.

Kwa hiyo upande wa kufungua na kufunga, jibu langu ni kwamba vifaa maalumu vinavyohitajika kweli ni vichache sana. Kimoja nitakitaja kwa sababu kukosekana kwake kunaua hedi nyingi. Injini nyingi za Toyota za siku hizi, zikiwamo za familia ya NZ zilizomo kwenye Vitz, IST na Probox, zina bolti za hedi zenye tundu la pembe 12 kichwani. Zinataka kijiti chake maalumu. Fundi asiye nacho anachukua spana ya L ya pembe 6 inayokaribiana, anaigonga kwa nyundo mpaka ikashika, halafu anaomba Mungu. Bolti mbili tatu zinakubali. Ya nne inalika tundu, na hapo ndipo anaitwa fundi wa kuchomelea. Kijiti chenyewe kinaingia mfuko wa shati, na bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kuchomoa bolti moja iliyoharibika.

Lakini kufungua ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu ya pili ni kujua. Je, hedi imepinda? Bolti imekazwa kiasi gani? Kompresheni ya silinda ya tatu ni sawa na ya kwanza? Thamostati inafunguka? Hapo ndipo begi letu la spana linapokuwa tupu, na ubunifu wetu wote unaanza kutudanganya. Mchongaji wa Kimakonde pale Newala anatoa kwenye mti wa mpingo umbo la ukoo mzima uliobebana kwa kutumia tezo na patasi chache, bila rula, na kazi yake inakwenda hadi Ulaya. Yeye hahitaji rula kwa sababu hakuna anayemdai kipimo. Umbo ni lake. Injini umbo lake liliamuliwa Japani, na kipimo kilichoandikwa hakina huruma na mkono mzuri.

Chukua hedi. Gari limechemsha njiani kutoka Kilambo, gasketi imeungua, fundi amefungua. Hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikichemka kupita kiasi hupinda. Kiwango cha juu cha kupinda ambacho Toyota hukiruhusu upande unaokaa juu ya bloku, kwa injini nyingi za petroli, ni milimita 0.05. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa milimita 0.1 hivi, na wembe vilevile. Fundi anaweka rula ya chuma juu ya hedi, anafumba jicho moja, anatazama kama mwanga unapita. Mwanga unaopita kwenye mwanya mdogo namna hiyo, chini ya mwembe, saa nane mchana, unategemea macho ya fundi na hamu yake ya kurudi nyumbani. Wembe ukipenya chini ya rula, basi hedi imepinda mara mbili ya kiwango na haina mjadala. Wembe usipopenya bado hujui kitu. Kinachojibu swali ni fila geji, yale majani membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja, kila jani limeandikwa unene wake. Linaingizwa chini ya rula kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Ni kifaa rahisi kuliko simu mbovu, na katika magereji mengi ya uani hakipo.

Hedi ikiwa imepinda, nyumbani pamekwisha kazi. Nimeona ikisuguliwa kwa msasa juu ya sakafu ya saruji hadi ikang'aa, na mng'ao ule ulimridhisha kila aliyekuwapo. Kusugua kwa mkono kunakula kingo kuliko katikati, basi hedi inatoka ikiwa nzuri kwa macho na mbaya zaidi kwa kipimo. Inakwenda kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga, na kama mjini haipatikani inapakiwa basi la Dar.

Hadithi hiyo si ngeni katika pwani yetu ya kusini, na iliwahi kumpata mkubwa kuliko sisi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Mara tu baada ya ushindi huo injini yake moja ikaharibika: kiungo kinachoishika fimbo ya pistoni kilivunjika. Meli ile ilikuwa na mafundi wake, vyuma vyake, na mamia ya watu wenye nguvu. Kiungo kile hakikutengenezeka ndani ya meli. Ikajificha kwenye delta ya Rufiji, kiungo kikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana ya meli Dar es Salaam, kikatengenezwa upya, kikarudishwa delta. Lakini Waingereza waliigundua mafichoni kabla ya mwaka kwisha na wakaziba njia ya kutokea, na Julai 1915 ikaishia hukohuko mtoni. Kuna kazi zisizofanyika pale chombo kilipozimikia, na anayejua hivyo mapema hupoteza siku chache kuliko anayejaribu kwanza.

Turudi kwenye kukaza, maana hapa kuna habari njema. Mafundi wengi hukaza bolti za hedi kwa mkono, na wazoefu wanasema mkono wao unajua. Mkono unajua bolti ya namba 10 ya kifuniko cha plastiki. Bolti 10 za hedi, kila moja ikitakiwa kuwa sawasawa na mwenzake, si kazi ya kukumbuka kwa misuli iliyoanza kuchoka kwenye bolti ya sita. Kwa injini ya 1NZ maelekezo ni kukaza kuanzia katikati kwenda nje hadi nyutoni mita 29, kisha kila bolti izungushwe robo duara, kisha robo duara nyingine. Toki renchi, ile spana yenye kipimo cha nguvu ya kukazia, hufanya hatua ya kwanza bila kufikiri.

Asiye na toki renchi hana sababu ya kukata tamaa akiwa Mtwara, mji wenye mizani za samaki. Ile mizani ya kuning'iniza yenye ndoano ndiyo nusu ya kifaa. Ifunge kwenye mpini wa spana, sentimita 50 kamili kutoka katikati ya bolti, ivute ikiwa imesimama wima na mpini, usiivute kimshazari. Nyutoni mita 29 kwa mpini wa nusu mita ni nyutoni 58, yaani mizani isome kilo 6 kasoro kidogo. Ukifika hapo acha. Hatua mbili zinazofuata hazitaki mizani wala toki renchi: tia nukta ya rangi ya kucha kwenye ukingo wa kila bolti upande mmoja, zungusha mpaka nukta zote zielekee robo inayofuata, kisha tena. Akina mama wa nyumba husika watalalamikia rangi yao, lakini hedi itakaa. Sharti moja tu: mizani iwe inasema kweli. Ijaribu kwanza kwa mfuko wa sukari wa kilo 2 uliofungwa kiwandani, maana mizani za samaki zina sifa zake.

Thamostati nayo ina kesi ndefu. Kuna imani iliyoenea nchini kwamba huku kwetu kuna joto, kwa hiyo kifaa hicho ni cha Ulaya na Japani, kitolewe. Gari lililochemsha hutolewa thamostati kabla hata haijachunguzwa. Kumbe kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, ambalo ni zaidi ya nyuzi 80, na joto la Mtwara siku kali halifiki hata nusu ya hapo. Ikitolewa, injini inachelewa kupata moto, sensa inaiambia kompyuta kwamba gari bado baridi, kompyuta inamwaga petroli zaidi, na mwenye gari anaanza kulalamika kwamba gari linakunywa. Kuipima hakuhitaji kifaa cha kununua. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, washa jiko, itazame. Maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka, yakipoa ifunge. Isipofanya hivyo, nunua nyingine. Na kama gari lilichemsha, kabla ya kuilaumu thamostati uliza rejeta inatiwa maji gani. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya chumvi yanakula aluminiamu polepole kutoka ndani. Kulanti si anasa ya matajiri wa Shangani.

Sasa umeme. Hapa vijana wengi huamini kwamba bila kompyuta ya kupimia hakuna linalowezekana, na wazee wengi huamini kwamba gari lenye taa ya injini linahitaji tu kutolewa betri kwa usiku mmoja. Wote wawili wangefaidika na kipande cha waya. Toyota za soko la Japani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina uwezo wa kusema ugonjwa wao zenyewe. Kwenye zile za zamani, kama Corolla yenye injini ya 5A, kuna kiboksi kidogo chini ya boneti. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1, ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini inaanza kupepesa. Kwenye nyingi zilizofuata, zenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, zinaunganishwa pini ya 4 na ya 13. Taa ikipepesa haraka bila kukoma, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji, au waya wake. Hesabu kwa makini na usikosee pini, kwa sababu ya 16 ina umeme wa betri muda wote. Magari mapya zaidi hayana utaratibu huo na yanataka kisomeo chake, ambacho siku hizi ni kidude kinachozungumza na simu. Ila tahadhari: msimbo unasema wapi pa kutazama, hausemi nini cha kununua. Sensa nyingi zimebadilishwa bure wakati waya ndio uliotafunwa na panya.

Mpaka hapa nimekuwa mpole kwa wasio na vifaa. Kuna mahali sitakuwa mpole. Injini ya petroli ya kawaida husukuma mafuta kwenye injekta kwa msukumo wa baa 3 hivi. Zile za D4, ambazo Noah nyingi zinazo, husukuma petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo unaofika baa mia moja. Dizeli mpya za komon reli zinapita baa 1,000. Mafuta yakitoka kwenye tundu la sindano kwa msukumo huo yanapenya ngozi kama hayakukutana na kitu, na kidonda kinachoonekana kidogo hivyo kinaweza kumkatisha mtu kidole. Fundi aliyezoea kulegeza paipu za injekta za Land Cruiser ya 1HZ ili kujua silinda ipi haifanyi kazi, njia iliyokuwa nzuri kabisa kwa dizeli ya pampu ya zamani, akiifanya kwenye komon reli inayonguruma anacheza na mkono wake. Huko kifaa maalumu na mahali maalumu ni lazima, na uani si mahali pake.

Wingi wa vifaa peke yake nao haujawahi kuokoa mtu, na mji huu ni shahidi. Bandari ya Mtwara na reli yake ya Nachingwea, iliyong'olewa mapema miaka ya 1960, zilizaliwa na mpango wa karanga wa Waingereza uliotangazwa kwa mbwembwe baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa, na karakana zikajengwa. Mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Januari 1951 mpango wote ukafutwa.

Narudi kwenye swali la vifaa viwe vya nani, maana nadhani tumelipanga vibaya. Tunamtarajia fundi awe na kila kitu. Fundi analipwa kwa kazi, tena baada ya kupunguziwa bei mara mbili. Akikaza hedi kwa mkono na gasketi ikaungua baada ya miezi mitatu, anaitwa tena na kulipwa tena. Sisemi kwamba wanafanya makusudi. Nasema mfuko wake hauumii pale kipimo kinapokosekana. Unaoumia ni wa mwenye gari. Basi spana ziwe za fundi, na vipimo viwe vya mwenye gari: fila geji, toki renchi, geji ya kompresheni, mita ya umeme na kisomeo cha misimbo. Majirani watatu wenye Toyota wanaweza kuvinunua kwa kuchanga, vikakaa kwa mmoja wao, vikaazimwa. Havichakai kwa kuazimana ilimradi toki renchi irudishwe imelegezwa na isitumiwe kufungulia bolti.

Kuna aibu kidogo ya kuvuka. Kumletea fundi kipimo wakati yuko kazini kunaweza kusikika kama kumwambia hujui kazi, na fundi aliyeudhika chini ya gari lako si jambo jema. Usikitoe wakati hedi inafungwa, kitoe asubuhi, kabla hajafungua begi. Chai ikiwa mezani mpe akishike mwenyewe: fundi, nimenunua hiki, wewe ndiye unayejua kukitumia. Wengi wanakijua, walikiona kwenye chuo cha ufundi cha VETA au kwenye gereji kubwa walikojifunzia, na hawajakigusa tangu siku hiyo. Anakigeuzageuza, anasoma namba, anauliza ulikinunua wapi na kwa kiasi gani. Kazi ikiisha ataomba akiazime kesho, ana gari la mtu Chikongola. Mpe.